Insha Niliyoisoma Mara Tatu

Siku niliyoripoti kwenye chuo changu cha kwanza cha ualimu, mkoani Shinyanga, Mtaaluma hakuniuliza hata nimefikaje. Alipokea barua yangu ya uhamisho, akaisoma mimi nikiwa nimesimama, kisha akanipa kalamu nyekundu na karatasi nne zilizobanwa pini. "Sahihisha hii," alisema. "Una nusu saa." Begi langu la nguo lilikuwa bado begani.

Mtaaluma, kwa ninyi mnaoanza kazi siku hizi, ndiye mkufunzi anayesimamia mambo yote ya masomo na mitihani chuoni. Huyu wa kwetu alikuwa mwembamba, mpole wa sauti, na hakuwa na mzaha hata chembe. Nilikaa kwenye kona nikaisahihisha insha ile kwa nguvu zangu zote, maana nilijua napimwa. Nilipiga mistari, nikazungushia makosa, nikampa mwanafunzi alama thelathini na nane. Nilijiona shujaa.

Kumbe wakufunzi wengine kumi nao walikuwa wamepewa nakala ya insha ileile. Tuliingia chumba cha mikutano, kila mmoja akasoma alama yake kwa sauti. Thelathini na nane yangu. Hamsini na mbili. Sitini. Mzee mmoja aliyekuwa karibu kustaafu alimpa sabini na nne. Moyo wangu ulikuwa unashuka kila alama inapopanda. Mtaaluma aliziandika zote ubaoni, akazitazama kwa muda, akatugeukia.

"Insha ni moja," alisema. "Mwandishi wake ni mmoja. Sasa hawa wanafunzi kumi na mmoja wametoka wapi?"

Nakiri kwamba mpaka leo swali lile linanisisimua. Nilikuja nikidhani kusahihisha ni kama kupima unga kwenye mizani, unaweka, unasoma namba, unaondoka. Siku ile niliona kwamba mizani yenyewe ni mtu, na mtu ana njaa, ana usingizi, ana mwalimu aliyemfundisha utotoni.

Kikao kama kile kinaitwa usawazishaji. Kabla ya kugusa rundo la mtihani, wasahihishaji wote wanasoma karatasi chache zilezile, wanabishana, mpaka wanakubaliana insha ya sitini inafananaje. Mkononi mnakuwa na mwongozo wa usahihishaji, yaani karatasi inayoonyesha alama ngapi ziende kwenye hoja, ngapi kwenye mpangilio, ngapi kwenye lugha. Baada ya hapo msahihishaji wa kwanza anatumia kalamu nyekundu, na karatasi chache zinachukuliwa zisomwe na mwingine mwenye kalamu ya kijani, kumchunga yule wa kwanza. Mtaaluma alitufundisha pia kutosahihisha kabla ya kula, na kutompa mtu alama kabla hujasoma karatasi tatu nne za rundo lake. "Wa kwanza kwenye rundo asiadhibiwe kwa kuwa wa kwanza," alikuwa akisema. Sheria hizo nilizishika kama sala.

Nilifanya kazi chini yake miaka mingi, nikawa mkali kuliko yeye. Wanafunzi walinibatiza jina la Wembe. Walidhani silijui. Mbele yangu niliitwa Mama Kabula, kwa jina la binti yangu wa kwanza, na nikigeuza mgongo nilikuwa Wembe. Sikuchukia. Nilijivunia kwamba hakuna uzembe unaonipita.

Nina jambo moja la kuungama hapa, maana nyani haoni kundule. Mimi nilifundishwa kuandika na mwalimu aliyetuchapa vidole kwa kila herufi iliyotoka nje ya mstari. Kwa hiyo mwandiko mzuri ulikuwa unaniyeyusha. Nikiona karatasi safi, herufi zimekaa sawasawa, roho yangu ilitulia kabla sijasoma hata neno. Nikiona herufi zinazoanguka upande huu na upande huu, na wino umechafua pembeni, nilikuwa nimeshaanza kukunja uso. Hilo sikulijua kipindi kile. Ningeulizwa, ningeapa kwamba ninasoma fikra, si herufi.

Baadaye nilihamishiwa chuo cha upande wa Geita. Kule udongo ni mwekundu, barabara zina vumbi la magari ya migodi, na katika nyumba nyingi kuna mtu anayechimba, anayeponda, anayeosha, au anayesubiri mtu arudi kutoka shimoni. Nilikuta Mkuu wa Idara ya Lugha ambaye alikuwa mfupi, mnene, mcheshi, na mpenda karanga. Mfuko wa koti lake haukukosa karanga. Nilimdharau kidogo wiki ya kwanza, Mungu anisamehe. Nilidhani mtu anayecheka vile hawezi kuwa makini.

Chuoni pale kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aliandika insha ndefu ya Kiswahili. Asiyefikisha alama arobaini na tano alikariri mwaka, na aliyeanguka tena baada ya kukariri aliondolewa chuo. Hatukuona majina. Kila karatasi ilikuwa na namba tu, na majina yalikaa kabatini kwa Mkuu wa Idara. Mwaka ninaousimulia, swali lilikuwa hili: eleza kazi moja unayoijua vizuri, hatua kwa hatua, kwa mtu ambaye hajawahi kuiona.

Nusu ya darasa waliandika kuhusu dhahabu. Ningeshangaa wasingeandika. Nilisahihisha mkondo wa kwanza, karatasi sitini, na kufikia ya arobaini nilikuwa nimeshashuka mashimoni na kupanda mpaka magoti yananiuma. Katikati ya rundo nikakuta karatasi moja chafu kweli. Mwandiko ulikuwa kama kuku alipita. Pembeni kulikuwa na alama ya kidole chenye vumbi. Na ilianza hivi: "Kabla hujaponda jiwe la mtu, unamsalimia."

Nilipumua kwa hasira. Mwongozo ulidai kazi itajwe na kufafanuliwa kwenye aya ya kwanza. Huyu alikuwa anasalimia watu ukurasa mzima. Nilipitisha macho mpaka mwisho, nikaandika juu kwa kalamu nyekundu, "Fikra zako zimetawanyika. Anza na hoja." Nikampa arobaini na moja. Nikachukua karatasi iliyofuata, ambayo ilikuwa ya mwandiko mzuri sana.

Siku nne baadaye Mkuu wa Idara aliniletea rundo la mkondo wa pili niwe msahihishaji wa akiba, kwa sababu mwenzetu mmoja alikuwa anaumwa. Nilifurahi kuaminiwa. Ilikuwa inasemwa kwamba msimu unaofuata mimi ndiye nitakayekuwa kiongozi wa jopo, yaani mtu anayesimamia wasahihishaji wote wa somo. Nikakaa ofisini asubuhi moja yenye jua, chai pembeni, nikaanza.

Karatasi ya tisa au ya kumi iliniondoa kwenye kiti. Nasema kweli, nilisimama. Mwandiko ulikuwa wa mviringo, wa kupendeza, na mwanafunzi aliyeuandika alikuwa anaeleza jinsi mama yake anavyoponda mawe ya dhahabu kwa nyundo. Alieleza kwamba mama anasalimia kwanza mwenye shimo, halafu aliyebeba mfuko, halafu hata muuza chai wa njiani, kwa sababu mfuko wa mawe ukipotea, muuza chai ndiye anayejua nani amepita. Aliandika kwamba jiwe bovu likigongwa linalia, na jiwe lenye kitu linaimeza nyundo. Kisha akafika kwenye kuosha, ambapo unga wa mawe unatiwa kwenye karai na maji, karai linazungushwa, mchanga mwepesi unatoka na maji, na dhahabu nzito inabaki chini kama uzi mwembamba. Mwisho wa insha uliniliza. Aliandika: "Karai la mwisho mama huosha mwenyewe. Mimi hushika kopo la maji. Tangu nikiwa mdogo mpaka leo, hajawahi kunipa karai la mwisho."

Nilitoka nayo mbio mpaka chumba cha wakufunzi. "Sikilizeni hii!" nilisema, nikawasomea. Mkufunzi wa Hisabati aliacha kunywa chai. Mtu wa miaka ishirini na kitu, kwa kalamu ya bei ndogo, alikuwa amenifanya niione mikono ya mama ambaye sijawahi kumwona. Nilimpa sabini na mbili, na nilitamani mwongozo uniruhusu zaidi.

Mkuu wa Idara alikuwa mlangoni, anatafuna karanga. Alisubiri nimalize. "Mama Kabula, njoo ofisini kidogo," alisema.

Alifunga mlango, akafungua kabati, akaweka mezani karatasi mbili. Ya kulia ilikuwa ile nzuri niliyotoka kuisoma. Ya kushoto ilikuwa chafu, ina alama ya kidole chenye vumbi, na juu yake kuna maneno mekundu. Niliujua mwandiko wa maneno yale. Ulikuwa wangu.

"Soma ya kushoto," alisema.

Nilizilinganisha mstari kwa mstari. Kabla hujaponda jiwe la mtu, unamsalimia. Mwenye shimo. Mbeba mfuko. Muuza chai. Nyundo. Karai. Neno kwa neno, nukta kwa nukta.

Mkuu wa Idara alikuwa na desturi aliyokuwa hajamwambia mtu. Kila msimu alichagua karatasi mbili tatu zilizokwisha kusahihishwa, akazinakili kwa mkono wake mwenyewe, akazipa namba nyingine na kuzichomeka kwenye rundo la mtu yuleyule. Mwandiko ule wa mviringo ulikuwa wake, huyu mtu wa karanga. Alikuwa ananakili kurasa nne nne, Jumapili baada ya ibada, ili kutupima sisi tunaopima.

"Bosi, arobaini na moja..." nilianza.

"Alama zinapishana, hilo nalijua," alinikatiza, bila kicheko safari hii. "Hata mimi ningepishana na wewe. Kinachonisumbua, mama, ni kwamba hukuikumbuka. Siku nne tu. Insha iliyokutoa machozi leo, hukukumbuka kwamba ulishaishika."

Ningekuwa nimeisoma mara ya kwanza, ningeikumbuka. Nilikuwa nimetazama vumbi.

Kisha alinieleza kwamba mwenye namba ile alikuwa ameshakariri mwaka mara moja. Arobaini na moja ikibaki, anaondolewa chuo. Alama ilikuwa imeshasainiwa, na kwa taratibu zetu haibadilishwi mpaka aliyeitoa aandike barua kwa Kamati ya Mitihani, akiri kosa lake, na barua hiyo ikae kwenye faili lake daima. "Mimi siwezi kuiandika kwa niaba yako," alisema. "Mtihani wangu ulikuwa wa kukupima wewe. Kuhusu huyu binti, mwenye kalamu ni wewe."

Nitasema ukweli, nilifikiria uongozi wa jopo. Niliufikiria kwa muda kama wa kutoka ofisini kwake mpaka kwangu, mwendo wa hatua hamsini. Halafu nikakumbuka kopo la maji. Binti ameshika kopo la maji maisha yake yote, anangoja apewe karai, na mimi naenda kumnyang'anya hata kopo. Nikaketi, nikaandika barua.

Mkuu wa Chuo, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati, alikuwa mwanamke mkubwa, mtulivu, mwenye miwani ya kamba. Aliisoma barua yangu mbele ya wajumbe. "Tumekusikia kuhusu karatasi hii," alisema. "Na hizo nyingine hamsini na tisa? Tukuamini vipi?"

"Msiniamini, Mkuu," nilijibu. "Naomba nizirudie zote, na mwenzangu wa kalamu ya kijani asome kila moja baada yangu."

Nilizirudia zote hamsini na tisa. Nilisoma kila moja kwa midomo, kama mtoto wa darasa la kwanza, ili macho yasinikimbie. Baadhi zilipanda, baadhi zilishuka, na karatasi mbili zenye mwandiko mzuri niligundua kwamba hazikuwa na kitu ndani. Insha ya karai yenyewe walipewa wasomaji wengine wawili, na kamati ikaipitisha kwa alama sabini. Binti alibaki chuoni. Uongozi wa jopo alipewa mwingine, na niliungoja miaka sita.

Nilipoupata, nilikuwa na desturi yangu mpya. Kila msimu nilikaa Jumapili na kalamu ya bluu, nikanakili kurasa nne nne. Siwezi kueleza vizuri unayoyaona ukinakili maandishi ya mtu. Mkono wako unapita palepale mkono wake ulipopita, unaona aliposita, unaona alipopata ujasiri. Kuna wanafunzi kutoka Ushetu walioniandikia habari za kukausha tumbaku mpaka nikasikia harufu yake ofisini. Kuna kijana wa Kishapu aliyeeleza namna ya kumtambua ng'ombe anayeanza kuumwa kwa jinsi anavyosimama. Ni watu ambao nyumbani wanaongea Kisukuma, wamekutana na Kiswahili darasani, na bado wanakibeba mpaka kinapotakiwa kufika. Nilikuwa nashangaa, na nilimshukuru Mungu kwa kunipa kazi ya kushangaa.

Siku hizi insha zinachapwa kwa kompyuta. Hakuna vumbi wala alama ya kidole, karatasi zote zinafanana, na wakufunzi vijana wananiambia kwamba shida yangu imekwisha. Nawaambia haijakwisha. Sasa wanaikunjia uso insha nzuri, wanasema imeandikwa na mashine, kabla ya kufika ukurasa wa pili. Wakati mwingine ni kweli imeandikwa na mashine. Lakini hilo nalo utalijua kwa kusoma, mwanangu, hulijui kwa kutazama.

Nilistaafia Shinyanga, chuo kilekile nilichoanzia. Waliniandalia sherehe ndogo ya pilau na hotuba. Baada ya hotuba alinijia mwanamke wa makamo kidogo, amevaa kitenge kizuri, ameongozana na mama mzee mwenye mikono mikubwa.

"Shikamoo, mwalimu. Mimi naitwa Minza. Ulinifundisha Geita. Sasa nafundisha shule ya msingi huko Ushetu. Huyu ni mama yangu."

"Marahaba, mwanangu." Nikamgeukia mzee, nikamwamkia kwa Kisukuma kama ninavyomwamkia mama. "Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka," aliitikia, akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa kigumu kama ubao.

Minza alifungua mkoba, akatoa bahasha ya plastiki. Ndani kulikuwa na karatasi nne zilizobanwa pini, zimegeuka manjano. Nilizitambua kabla hazijatoka zote. Wanafunzi walirudishiwa insha zao matokeo yakishatoka. Alama tuliibadilisha, ikakatwa na kusainiwa upya, lakini hakuna aliyekumbuka kufuta maneno yangu mekundu juu yake.

"Nimekuja kukuaga, na kukuuliza swali moja," alisema Minza. "Maneno yanasema fikra zangu zimetawanyika. Alama inasema sabini. Nimekaa na karatasi hii miaka yote hii. Nimwamini yupi?"

Nilimwambia yote. Arobaini na moja, mwandiko wa mviringo, barua, kamati. "Maneno yale," nilisema, "niliyaandika kabla sijakusoma. Nisamehe."

Alipitisha kidole juu ya yale maneno mekundu.

"Mama hajawahi kuisikia," alisema mwisho. "Hajui kusoma, na kila likizo ananiambia nimsomee ile karatasi ya chuo. Nilimwambia imepotea. Ningemsomeaje kitu kilichotawanyika?"

Hapo ndipo nilipoona ukubwa wa kosa langu, kuliko siku ile ya kamati. Nikaomba kiti kwa ajili ya mzee. Nikavaa miwani. Nikasoma insha ile mara ya tatu, kwa sauti, tangu salamu ya mwenye shimo mpaka kopo la maji, polepole, na Minza akimtafsiria Kisukuma pale alipoona Kiswahili kimemzidi. Mzee aliinamisha kichwa tangu mwanzo. Kwenye jiwe linalomeza nyundo alitikisa kichwa kukubali. Nilipofika kwenye karai la mwisho, Minza hakutafsiri. Hakukuwa na haja.

Nilipomaliza, mzee alifuta macho kwa upindo wa khanga.

"Ni kweli yote," alisema. "Ila amesahau beseni. Chini ya karai unaweka beseni. Kitu kikiruka, kinaangukia humo."

Tulicheka wote watatu. Usahihishaji wa haki kabisa! Katika wasomaji wote wa insha ile, yeye peke yake ndiye aliyeijua kazi yenyewe.

"Sasa mayu," nikamwuliza, "wewe ungempa ngapi?"

"Ngapi za nini?"

"Alama. Kwa aliyoyaandika."

Alimgeukia binti yake, akamtazama kama vile anamwona mgeni mlangoni. Minza aliacha kucheka.

"Mimi alama zenu sizijui," alisema mzee. "Nilidhani huyu anashika kopo tu, akili iko mbali. Kumbe alikuwa anaona." Akauchukua mkono wa Minza, akaugeuza kiganja juu, akakikagua. "Likizo ukija, utaosha karai la mwisho. Mimi nitashika kopo."